Bega la Mwanahija

Lindi, 9 Agosti 2023

Dada Mboni,

Pole tena kwa msiba wa mzee Kibwana. Habari nilizipata kwa Jafari, huyu dereva wa Noah ya Rondo, alipopita hapa hospitali kuniambia kwamba baba yako amezikwa na kwamba mama yako hataonekana tena kwenye matibabu mpaka eda iishe. Nikatoa pole, akaenda zake. Kisha nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikaiwaza hiyo miezi minne na siku kumi, na kila nilivyoiwaza niliona bega la mama Mwanahija likigeuka gogo.

Sisemi haya kukutisha. Ulipomleta alikuwa hawezi hata kufunga kanga kifuani bila kusaidiwa. Tulihangaika na lile bega, akanilaani kimyakimya, mpaka mara ya mwisho mkono ukafika shavuni. Bega lililoganda likiachwa muda wote huo linarudi lilikotoka, na kulifungua mara ya pili kunauma kuliko mara ya kwanza. Kwa umri wake sina hakika kama itawezekana hiyo mara ya pili.

Kwa hiyo kama yeye hawezi kuja, wewe uliyekuwa ukimpokea stendi na kumleta hapa kila Jumatatu ndiye utakayefanya kazi yangu. Simu zenu za huko hazishiki mpaka mtu apande kichuguu, na hata nikikupata, namna ya kushika mkono wa mgonjwa haisimuliki kwa simu. Ndiyo maana nimechora. Samahani kwa michoro, huyo anayefanana na kiazi ni mama yako.

Anza na kitambaa cha maji ya moto, ukikipima kwanza kwenye kiwiko chako mwenyewe. Halafu mafuta ya ufuta kidogo. Kiganja kimoja kishike ule mfupa mpana wa mgongoni unaocheza mtu akipunga mkono, kingine kibebe kiwiko chake. Kanda nyama ya juu ya bega na ya kwapani taratibu, kisha upeleke mkono nje mpaka pale atakapokunja uso. Simama hapo, msubiri apumue, usipambane naye.

Niko peke yangu tangu mwenzangu ahamishwe, na foleni inafika mlangoni. Nikichelewa kujibu usidhani ni dharau.

Fidelis


Rondo, 17 Agosti 2023

Kaka Fidelis,

Asante kwa barua na kwa kiazi. Nilicheka, na katika nyumba hii kucheka kulikuwa kumepotea.

Mama yuko chumba cha ndani. Mlangoni yuko shangazi Kudra, dada yake marehemu baba, ambaye amejipa kazi ya kuilinda eda kuliko mwenye eda. Mwanamume asiye maharimu haingii, sauti yake isisikike, hata redio ikitangaza mpira inazimwa. Michoro yako niliificha ndani ya kanga, maana umechora bega la mwanamke.

Nimeanza kumkanda asubuhi na jioni. Navuta mkono polepole kama ulivyosema. Mama halii, anauma meno na kutazama dari. Juzi nilimuuliza kama inauma, akasema, "Wewe endelea, mwanangu, umalize." Hiyo ndiyo kauli yake kwa kila kitu siku hizi, hata kwa chakula.

Nadhani hukuwahi kujua bega hili limetoka wapi, maana ukimuuliza husema ni uzee. Tangu baba apooze upande, mama ndiye aliyekuwa akimkanda alfajiri na jioni, akimgeuza, akimnyanyua kumpeleka chooni, na baba alikuwa mtu wa mwili. Sisi watoto tulikuwa tunakuja sikukuu, tunamsifu, tunaondoka. Hata bega lilipoanza kumuuma aliendelea kwa mkono mmoja.

Kule mjini Mtanda cherehani yangu nimeifunika, wateja wa sare za shule wananitafuta. Nimewaambia nitarudi mwezi ujao. Shangazi alinisikia nikisema hivyo akanitazama kwa mshangao.

Mboni


Lindi, 25 Agosti 2023

Dada Mboni,

Umeandika "navuta". Acha kuvuta. Wewe beba tu uzito wa mkono wake mpaka yeye mwenyewe asahau kuushikilia, ndipo utakapokwenda. Ukivuta, mwili unajifunga, na utakuwa unashindana na mtu ambaye amezoea kushindana na vizito kuliko wewe. Na usitazame bega, tazama uso.

Nashukuru umenieleza habari za mzee. Nimekuwa nikimwandika mama yako kwamba hajui chanzo cha maumivu, kumbe alijua akanyamaza. Wako wengi wa namna hiyo hapa, na karibu wote ni wanawake. Wanakuja na migongo na mabega yaliyobeba watu, nawauliza umefanya kazi gani, wanasema sina kazi, niko nyumbani tu.

Nina swali, na usinielewe vibaya, mimi ni mtu wa kanisani na mambo ya eda siyajui. Nimesikia mgonjwa ana ruhusa zake. Mmemuuliza shehe?

Leo nimechoka sana. Mgongo wangu mwenyewe unataka mtu wa kuukanda na sina wa kumtuma.

Fidelis


Rondo, 8 Septemba 2023

Kaka Fidelis,

Mkono umefika sikioni! Juzi jioni nilikuwa nimeubeba kama ulivyosema, nikaanza kumsimulia mama habari za mteja aliyeletewa gauni la harusi likamkataa tumboni, mama akacheka, na mkono ukapanda wenyewe. Nikanyamaza nisimshtue. Alipoona ulipofika aliushusha, akasema inatosha.

Tangu hapo amebadilika, nami sielewi. Ananitukana. Anasema mikono yangu mizito, anasema nashika mtu utadhani natwanga muhogo, anasema bora akandwe na mgomba. Jana kanisukuma mbele ya wageni: "Rudi kwako ukashone, huku hujui unalolifanya." Mama yangu hakuwahi kunisema mbele za watu hata nilipokuwa mtoto mtukutu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Wengine hawaoni uzito huo. Shangazi Kudra kaleta goti lake. Jirani kaleta kiuno. Wakisifu, mama anazidi kukasirika. Na sasa kaka yangu Shaaban kapiga simu kutoka Dar, shangazi akapanda kichuguu kuipokea. Wamekubaliana kwamba msimu wa korosho ukianza nisirudi Mtanda tena. Chumba cha kushonea nikirudishe kwa mwenyewe, cherehani ipandishwe Noah, nitashonea hukuhuku huku namwangalia mama. Walivyosema ni kama wananipa zawadi. Sijaolewa, sina mtoto, kwa hiyo nimepatikana.

Kile chumba nilikianza kwa kupindia watu suruali barazani. Nilikaa miaka nikipindia tu. Sitaki kukiacha, na naona aibu kusema sitaki wakati mama amelala pale na bega lake.

Kuhusu shehe, nilimgusia shangazi. Akasema eda si jambo la kuuliza, ni jambo la kukaa.

Mboni


Lindi, 15 Septemba 2023

Dada Mboni,

Kufika sikioni ni kazi kubwa, na umeifanya kwa barua na michoro mibaya. Nimefundisha wanafunzi waliokaa darasani ambao hawajui kusubiri mgonjwa apumue. Una mikono, na hilo siwaambii wengi.

Kutukanwa kusikuvunje moyo. Mimi nimetukanwa na mashehe na wachungaji, na bibi mmoja alinipiga na ndala. Maumivu yanatafuta mtu wa karibu. Lakini nakiri kwamba haya ya mama yako yananisumbua, kwa sababu kwa kawaida mgonjwa hutukana mkono usipopanda, si unapopanda.

Habari ya cherehani sina haki ya kuisemea. Ninachojua ni kwamba mama akiweza kuja hapa, mzigo huu si wako. Muulize shehe mwenyewe. Usimpitie shangazi.

Fidelis


Rondo, 2 Oktoba 2023

Kaka Fidelis,

Nimemuuliza. Nilimvizia shehe akitoka msikitini, nikasimama mbali kwa adabu, nikamwambia habari yote. Akashika ndevu. Akasema mjane mgonjwa hakatazwi tiba. Anatoka mchana kwa haja yake, anatibiwa hata na mwanamume ikiwa hakuna mwanamke wa kazi hiyo, na usiku analala nyumbani kwake alikofiwa. Akaniuliza kwa nini tumengoja muda wote huu. Sote tulidhani tunajua, hakuna aliyeuliza.

Nilirudi nyumbani nakimbia, mtu mzima mimi. Nikamwambia mama, kesho tunashuka Lindi na Jafari, jioni tunarudi. Shangazi Kudra alibaki mdomo wazi. Mama akasema, "Siendi." Nikamwambia shehe karuhusu. Akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo mkono haufiki sikioni, haufiki shavuni. Ukiubeba anaukaza mwenyewe, nausikia kabisa. Yale mazoezi uliyomfundisha huko, ya kuukwea ukuta kwa vidole, hafanyi. Ananitazama tu na kusema, "Si unaona? Hufai."

Korosho zimeanza kuanguka, nashinda shambani nikiokota, narudi kukanda, nalala na harufu ya mafuta ya ufuta. Shaaban anasema gari la kuleta cherehani ameshalipata. Nimechoka, kaka Fidelis. Nimechoka na mama yangu, Mungu anisamehe, na simwambii mtu mwingine.

Mboni


Rondo, 5 Oktoba 2023

Mwanangu Fidelis,

Nakupa salamu zangu. Ni mimi Mwanahija, mama yake Mboni. Bega halinizuii kuandika, mradi karatasi iwe mapajani. Barua hii anakuletea Jafari, Mboni haijui. Barua zako nazisoma anapokwenda shambani, naona ni utovu wa adabu lakini zinanihusu.

Shehe hakuniambia kitu nisichokijua. Marehemu mume wangu alikuwa akisomesha watoto Kurani chuoni, na masuala ya eda nilimsikia akiwaeleza watu barazani kwetu tangu nilipoolewa. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba naruhusiwa kuja kwako, nikanyamaza.

Nitakueleza kwa nini, maana wewe ni mgeni, na kwa mgeni naweza kusema. Siku waliponiingiza chumba hiki nilijilaza, na hakuna aliyeniita. Kwa miaka yote ya ugonjwa wa mume wangu nilikuwa naitwa. Nikitia nia ya swala naitwa, nikitia mkono kwenye unga naitwa. Nilimpenda, usije ukadhani sikumpenda. Lakini alipozikwa nililia, na ndani ya kilio nilisikia mwili wangu ukishukuru. Eda hii ni mapumziko ya kwanza niliyopewa na watu tangu niolewe. Nikawaza, bega hili likiganda moja kwa moja, hakuna atakayeniletea tena mtu wa kumnyanyua. Wifi yangu Kudra ana goti, baada ya goti ni kiuno, nawajua.

Halafu Mboni akaanza kunikanda. Vibaya mwanzoni, kisha vizuri. Ile jioni mkono ulipopanda nilitazama mikono yake nikaona inajua. Mimi nilijifunza hivyohivyo, kwa mama mkwe, watu wakisema Mwanahija ana mikono. Waliposema hivyo ndipo ilipokuwa basi, sikuwa na mikono mingine ya kufanyia kitu changu. Sasa wanamwambia Mboni, na wewe umemwandikia. Hukufanya vibaya, hukujua.

Ndiyo maana namtukana. Nataka akasirike aondoke kabla cherehani haijapanda gari. Nikimwambia kwa upole ataona ni huruma, atabaki, atalia na kubaki. Mimi namjua, ni mimi niliyemzaa.

Naomba umwandikie kwamba ananiumiza. Kwamba mikono yake inaliharibu bega na aache. Wewe atakuamini.

Mama yako,
Mwanahija


Lindi, 9 Oktoba 2023

Dada Mboni,

Nakuomba usimamishe kumkanda mama kuanzia leo. Nimelifikiria bega lake kwa maelezo yako ya mwisho, na naona kuendelea kutaliharibu zaidi. Wakati mwingine mikono ya mtu wa nyumbani hufika mahali ikaumiza bila kutaka. Si kosa lako.

Rudi Mtanda kwenye kazi yako. Waambie shangazi na kaka yako kwamba ni mimi niliyeamuru, na mwenye neno anitafute hapa.

Fidelis


Mtanda, 16 Oktoba 2023

Kaka Fidelis,

Nipo Lindi. Kutoka hapa dukani hadi kwako ni mwendo wa miguu, lakini naandika kwa sababu sitaki kuonana nawe.

Niliwasomea barua yako. Shangazi akasema alijua tangu mwanzo. Mama alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa saa. Nilipokwenda kumuaga chumbani aligeukia ukuta, nikabusu kisogo chake. Jafari alinichukua mbele kwenye gari na hakuniuliza neno njia nzima, namshukuru kwa hilo.

Uliniambia nina mikono, hata mwezi haujaisha ukaniambia nimeharibu. Ningependa kujua ni siku gani hasa niliyomuumiza, maana nazirudia zote na siioni. Niliubeba ule mkono kama yai. Nilitazama uso wake na si bega. Labda nilitazama vibaya.

Cherehani nimeifunua. Nashona sare na nafumua, leo nimekosea mkono wa shati mara kadhaa. Michoro nakurudishia humu, utampa mtu anayeifaa. Huko nyumbani wameshapata wa kunirithi, utasikia. Mimi sitamgusa mtu tena.

Mboni


Rondo, 24 Oktoba 2023

Mwanangu Fidelis,

Ulinitendea nililokuomba, na najua lilikukwaza. Mboni aliondoka. Siku aliyoniaga sikugeuka, maana ningegeuka angebaki. Nilisikia gari likiwashwa, nikahesabu nimeshinda.

Sikushinda kitu. Siku ya tatu yake Shaaban alileta binti yake kutoka Dar, Imani, yuko kidato cha pili. Walisema atakaa kidogo tu, mpaka eda iishe, kisha mpaka korosho ziishe, kisha ataangaliwa shule ya huku kama itapatikana. Ni mtoto mwenye adabu. Alinipigia magoti akasema, "Shikamoo bibi, bibi Kudra kanionyesha namna." Akapasha maji, akapaka mafuta, akaweka kiganja chake mgongoni kwangu. Nikamtukana kama nilivyomtukana Mboni. Akaomba radhi, akashika tena, vizuri zaidi.

Nilitazama ile mikono, bado ina wino wa shule. Hapo nikaelewa nilichokuwa nakifanya. Nilidhani bega likiganda nitakuwa nimeifunga kazi hii ndani yangu, ife na mimi. Kumbe bega baya linataka mtu, na mtu huyo hatakuwa Kudra wala Shaaban. Nikimfukuza mmoja ataletwa mwingine, na kila atakayeletwa atakuwa mdogo kuliko aliyetangulia.

Nikasimama. Kudra akauliza naenda wapi, nikamwambia naenda kuongea na Jafari kuhusu nafasi ya Jumatatu. Akapiga kelele za eda mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia aende kwa shehe akamuulize, njia anaijua. Imani nimemfungia begi lake, tutashuka naye pamoja mpaka stendi na hapo nitamkatia tiketi ya kurudi shule. Baba yake atafoka, ataacha.

Kwa hiyo Jumatatu nakuja, asubuhi, na jioni nitarudi kulala kwangu. Na Jumatatu ya pili, na zote zinazofuata. Nikitoka kwako nitapita Mtanda kwa Mboni nimwambie mwenyewe kwamba hakuniumiza hata siku moja. Hilo usimwandikie, si lako.

Najua bega sasa ni baya kuliko ulivyoliacha, nami ndiye niliyelifanya hivyo. Najua nitalia, na safari hii nitalia kwa sauti, usinionee haya. Usinipe michoro ya kupeleka nyumbani, na wala usimfundishe mtu yeyote wa kwangu. Niumize wewe. Wewe jioni unafunga mlango unakwenda kwako.

Mwanahija